Siku Tisa za Mashine ya Mwani

Nafasi ilikuwa moja, na niliambiwa hivyo siku ya kwanza. Wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Meneja akiridhika, nitabakishwa kuwa karani msaidizi kwa mkataba wa mwaka mmoja. Asiporidhika, nitapewa fomu yangu ya chuo ikiwa imejazwa, niseme ahsante, niteremke ngazi.

Mpaka leo sijui kama niliyoyafanya yalitokana na ujinga au na woga. Nadhani ni woga. Ujinga ungekuwa na nafuu, maana mjinga hulala usingizi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, Tunguu, nasomea fedha, lakini fani hiyo niliingia kwa mlango wa uani. Sekondari nilisoma masomo ya sanaa, kwa kuwa darasa letu lilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu. Hesabu nilijifunza mwenyewe baadaye, kwa simu, kutoka kwa watu wa nchi za mbali wanaofundisha kwa video na kusema haraka kama wanafukuzwa. Kompyuta sikuwa nayo. Majedwali nilijifunza kwenye kioo cha simu chenye ufa, nikiyabonyeza kwa ncha ya ukucha yale masanduku madogo kama punje za mchele. Nikikosea moja tu, nilifuta jedwali zima nikaanza upya. Mama yangu anashona kofia za viua, zile zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi, na huweza kuifumua kofia ya mwezi mzima kwa ajili ya tundu moja lililokaa upande. Akinitazama anacheka.

"Hilo umelichukua kwangu," alisema. "Lakini mie kofia nikishaifumua nnakula. Wewe huli."

Kabla ya kupata mahali pa mafunzo nilikuwa nimepeleka barua karibu kila mlango mjini wenye neno fedha juu yake. Jibu lilikuwa lilelile: uzoefu. Ofisi moja ya Vuga mlinzi alinirudishia bahasha yangu bila ya kufunguliwa.

"Wanataka wenye uzoefu tu."

"Sasa uzoefu wenyewe unapatikana wapi, kaka?"

Akafikiri kweli, maskini. "Mie wangu niliupata jeshini."

Ndiyo maana nilipokubaliwa kwenye ile ofisi ndogo ya ghorofani, katika kichochoro cha nyuma ya Mkunazini, nilipiga pasi mtandio wangu mara tatu na nikafika asubuhi kabla ya mwenye ufunguo.

Ofisi ile haikuwa ikikopesha pesa. Mtu akitaka friji, ofisi inainunua friji kwanza, inakuwa mali yake, halafu inamuuzia yule mtu kwa bei iliyozidi kidogo, naye anajua imezidi kiasi gani, na analipa polepole. Riba haimo. Lakini ili riba isiwemo, mpango una utaratibu wake, na utaratibu huo hauko kwenye karatasi peke yake. Meneja, mama mtu mzima wa mjini, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni, huweka kiganja chake juu ya kitu kinachouzwa, akamtazama mteja usoni, akasema: "Nimekuuzia." Mteja akajibu: "Nimenunua." Ijabu na kabuli, kama kwenye ndoa. Mara ya kwanza nilipomwona kaweka mkono juu ya friji mpya kama mtu anayempima mtoto homa, niliuma mdomo nisicheke.

Watu wa kwenye video hawakunifundisha hilo. Kwao mkataba ni karatasi. Tarakimu zikikubaliana, kazi imekwisha. Kijitabu cha ofisi nilikisoma, tena nikakipigia mistari kwa rangi mbili. Lakini nakiri kwamba yale maneno niliyaweka katika fungu la adabu, kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo mlango umeachwa wazi na wenyewe wanakuona.

Wiki ya sita meneja aliniita.

"Naam, Bi."

"Faili hili lako. Mwanzo mpaka mwisho. Mie kesho nna mkutano, sitakuwepo mpaka alasiri." Akanitazama juu ya miwani. "Nataka nione."

Hakusema anataka kuona nini. Hakukuwa na haja.

Mteja alikuwa mama wa Jambiani, mkulima wa mwani. Yeye na wenzake watatu walikuwa wakiuza mwani mkavu kwa gunia. Sasa walitaka mashine ya umeme ya kuusaga, wauze unga kwa watengeneza sabuni. Mchana ule niliandaa kila kitu. Kwenye mkataba palikuwa na mistari miwili iliyoachwa tupu: saa ya ofisi kununua, na saa ya ofisi kumuuzia mteja. Wenzangu huijaza kwa kalamu pale jambo linapotokea, na mwandiko wao mbaya, umeinama. Nikaona mafaili yanachafuka. Nikapiga chapa kabisa: kununua, saa nne kamili, kuuza, saa nne na nusu. Nikatoa karatasi kwenye mashine ya kuchapia, nikaitazama, nikaona nzuri.

Siku ya pili yule mama alifika saa tatu, hata meza sijaifuta.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi karani?"

"Ndiye mimi."

"Khaa! Nlidhani we ndo unayeleta chai." Akakaa, akajipepea kwa ncha ya kanga. "Basi nifanyie haraka. Bamvua linakwisha, maji makubwa haya, na leo yanatoka mchana huu, ndo tunaingia shambani. Maji hayana meneja, mwanangu, hayakungoji."

Mtu mwingine angemwambia: subiri, Bi, tuanze dukani. Mimi nilitaka aone kwamba karani aliyedhaniwa mleta chai anajua kazi kuliko wote. Karatasi zote zilikuwa tayari mbele yangu. Kwa nini nimkalishe? Nikafungua faili, nikamweleza bei, nikasema: "Nimekuuzia."

 Yule mama alitazama chini ya meza, akatazama na nyuma ya mlango.

"Na mashine yenyewe iko wapi?"

"Iko dukani Darajani, Bi. Tunaifuata sasa hivi."

Akanitazama kidogo. Halafu akasema, "Haya. Nimenunua," akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyechapwa chuo cha Kurani mpaka akaweza.

Dukani mtandao ulikuwa umekatika. Malipo ya ofisi yalikuwa hayaendi. Mwenye duka, mzee wa Kimanga, Mwarabu, alituwekea viti na akasema mtandao ni kama mvua, uombewe dua. Tulikaa. Yule mama alikuwa akinyanyuka kila dakika kulitazama jua. Mwishowe malipo yakapita, risiti ikatoka, nikaitia kwenye bahasha bila ya kuisoma, mashine ikapakiwa kwenye gari ya Jambiani, naye akaondoka akinishukuru kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Niliisoma risiti alasiri, nilipokuwa nikiipanga kwenye faili. Mashine ya risiti haipambi. Ilikuwa imeandika saa tano na dakika arobaini na saba.

Nikatazama mkataba wangu mzuri. Nilikuwa nimeuza saa nne na nusu kitu ambacho ofisi ilikuja kukinunua saa nzima na zaidi baadaye. Na ukweli ulikuwa mbaya kuliko karatasi, maana maneno yenyewe tuliyasema saa tatu. Nikakifungua kijitabu. Sharti la kwanza, nililolipigia mstari kwa rangi zote mbili: kitu kiwe mali ya ofisi, na kiwe mkononi mwake, kabla ya kumuuzia mtu. Vinginevyo hakuna mauzo. Si kwamba yana kasoro au upungufu; hayapo. 

Kila mwisho wa mwezi shekhe mmoja huja kuyapitia mafaili, aone kama masharti yamefuatwa. Ulikuwa umebaki muda mfupi tu.

Ningesema. Meneja aliingia baada ya nusu saa, kavua viatu, kakaa mezani kwake hatua sita kutoka kwangu. Ningesimama nikasema, na angenikaripia, na yangekuwa yamekwisha. Badala yake nilimpelekea faili, na risiti nimeibana nyuma kabisa, chini ya barua ya utambulisho ya sheha, kiongozi wa shehia yake. Akapekua kurasa za mbele.

"Eee," alisema. "Hili ndo faili la mtu."

Sifa ile ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimeingoja wiki sita, na ilipokuja ilikuwa ya faili la uongo.

Siku zilizofuata sikumbuki nilikula nini. Nakumbuka nilikuwa nikienda chooni ofisini na kusimama tu, nimeshika sinki. Nilipanga maneno ya kumwambia meneja, nikayaandika kwenye simu, nikayarekebisha, nikabadilisha salamu ya mwanzo, nikayafuta kwa kuwa hayakuwa sawasawa. Kila asubuhi iliyopita bila ya kuyasema yalizidi kuwa magumu, kwa sababu sasa palikuwa na swali la pili: jana ulikuwa wapi?

Na kuna hili, ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Siku ya tano nilichapa ukurasa mpya wenye saa sahihi, nikakaa nao jioni chumbani kwangu nyumbani, mlango nimeufunga kwa kitasa. Nikajaribu kuiga saini ya yule mama. Herufi za Kiarabu naandika tangu mtoto. Nilijaribu kwenye karatasi za pembeni mara kumi na moja. Ya tisa ilikuwa nzuri. Nilipoona ni nzuri nikaogopa mkono wangu mwenyewe, nikazichana zote vipande vidogo, nikavitia chooni nikavimwagia maji. Mama alipiga hodi akaniuliza kama naumwa. Nikasema naumwa.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda Jambiani bila ya kumwambia mtu, na ukurasa mpya umo ndani ya bahasha ngumu usikunjike. Mpango wangu ulikuwa mdogo na mchafu: nimpate peke yake, asaini, nirudi, niutoe wa zamani niutie mpya.

Sikumpata peke yake. Walikuwa wote wanne uani, mwani umetandazwa kwenye majamvi na harufu yake ya chumvi imejaa, na mashine ikinguruma kwenye kibanda cha makuti.

"Hee! Karani kaja na makaratasi!" alipiga kelele mmoja wao, mnene, mchangamfu. "Nani anaolewa leo?"

"Kama mume ana shamba, mie tayari," akajibu mwingine.

"We nani atakutaka, mikono imeoza kwa chumvi?"

Wakacheka mpaka mimi nikajaribu kucheka. Mteja wangu alifuta unga usoni, akanikaribisha kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kilichokuwa karibu, akaniuliza habari za nyumbani, na mama hajambo, na kazi. Nikajibu zote. Halafu nikatoa ukurasa.

"Bi, nakuomba saini hapa. Ni marudio tu."

"Ile ya mwanzo ina nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. "Imeingia maji."

Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Akaufungua, akatoa nakala yake ya mkataba, imenyooka, kavu, haina hata alama ya kidole.

"Mie nakaa pwani, nashinda majini, yangu kavu," alisema. "Yenu ya ghorofani imeingia maji ya wapi?"

  Sikuweza kumtazama, nikautazama unga kwenye nyusi zake, na nikamwambia. Nilimwambia yote kuhusu saa, risiti na yale maneno ya asubuhi. Nilisema vibaya, nikirudia, nikianza katikati.

"Zimeni," aliwaambia wenzake. Mashine ikanyamaza. "Kwa hivyo hii si yangu."

"Itakuwa yako, Bi, ukisaini hapa."

"Sikuulizi itakuwa ya nani. Nakuuliza ni ya nani."

"Ya ofisi."

"Na unga niliousaga kwa hii wiki nzima? Nishauza mifuko."

"Sijui, Bi."

"Hujui." Hakupandisha sauti; afadhali angepandisha. "Nlikuuliza siku ile mashine iko wapi. Nkajisemea, mtoto huyu kasoma. Mie nshaoza watoto wanne. Ndoa ikiharibika, harudi karani peke yake na kalamu kuja kuitengeneza uani kwa siri. Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Basi kamlete mwenye mali. Mpaka hapo haizunguki hii."

"Bi, nitakosa kazi." Nililisema hilo. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga, sijui tangu saa ngapi. "Nafasi ni moja, na nimehangaika sana kuipata. Tafadhali."

"Na sisi tuna mifuko ishirini ya watu tuliyoahidi Jumatatu," alisema. "Mie nitakosa nini, hukuniuliza."

Nilimpigia meneja simu palepale, mbele yao, kwa sababu nilijua nikifika barabarani nitapata sababu nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. 

"Usiondoke hapo," alisema.

Alichukua zaidi ya saa mbili kufika. Muda wote huo hawakunifukuza. Walinipa wali na mchuzi wa pweza, na kwa kuwa sikuweza kukaa bure, nikaenda kuugeuza mwani kwenye jamvi. Nikawa nazinyoosha nyuzi zake, moja moja, zielekee upande mmoja.

"Mwani huo, mwanangu," alisema yule mnene kutoka kivulini, "si nywele za bibi harusi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Meneja aliteremka garini na buibui lake la kutokea, akawasalimu wote mmoja mmoja, akakaa chini kwenye jamvi kama wao. Hakunitazama. Alimwambia yule mama kwamba kosa ni la ofisi, kwamba unga aliokwisha kuuza ofisi imemhalalishia, hakuna anayemdai, na kwamba mashine ni ya ofisi, kwa hiyo yeye yuko huru kabisa: akitaka airudishe, asilipe hata shilingi.

"Na nikiitaka?"

"Nitakuuzia kwa bei tuliyonunulia. Faida ya hii tumeitupa wenyewe."

Yule mama alifikiri. Alikwenda kibandani, akaizunguka mashine kama anaiona leo, akaikung'uta unga. "Naitaka," alisema.

Meneja akaweka kiganja chake juu ya chuma. "Nimekuuzia mashine hii."

"Nimenunua."

Akatoa mkataba mpya na kalamu, akatazama saa yake, akaandika kwa mkono, mwandiko umeinama. Wenzake wawili wakawa mashahidi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ukuta. Hakuna aliyeniambia nisogee. Kisha swichi ikapigwa, na tukaondoka tukisindikizwa na mngurumo wake.

Tulipopita msitu wa Jozani, meneja aliniuliza, macho yake barabarani.

"Umejua lini?"

"Siku ileile. Alasiri."

"Mie nlikuwepo alasiri."

"Ulikuwepo, Bi."

Alipunguza mwendo kumpisha mtu na baiskeli yake. "Ungenambia siku ile, ningempigia kabla hajaiwasha. Ningekusema, ungelia, kesho yake ungekuja kazini. Kosa lile hata mie nimelifanya, nilipoanza."

 Nilikuwa bado natumaini. Aibu hiyo nayo niiseme. Nilikuwa nimeharibu kazi ya wanawake wanne, na moyo wangu wote ulikuwa kwenye ile nafasi.

"Bi, na nafasi?"

"Sikupi." Alilisema bila hasira. "Fomu yako ya chuo nitaijaza vizuri, maana kazi unaijua. Lakini mie siwezi kukaa na mtu ambaye nikimsifu ndo ananificha zaidi. Nitakuwa nakuogopa kila siku, na wewe unaniogopa. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili."

Niliimaliza wiki iliyobaki. Nilifagia, nilipanga mafaili, niliwapokea wateja. Shekhe alikuja, akalikuta faili la Jambiani likiwa na karatasi zote mbili, ya kwanza imekatwa msalaba kwa kalamu nyekundu na maelezo ya meneja chini yake, akatikisa kichwa akaendelea na jingine. Fomu ilijazwa vizuri kama alivyoahidi. Pale penye mapendekezo aliandika mstari mmoja: anajua kazi, hajajua bado kusema amekosea. Mwalimu wangu chuoni aliusoma, akanitazama, akagonga mhuri.

Sasa napeleka barua tena. Mahali pa uzoefu naandika wiki nane, na zinaonekana chache mno kwenye karatasi ile kubwa. Wiki iliyopita niliitwa kwenye usaili mmoja, tukiwa watu wengi ukumbini, na nilipoulizwa kwa nini ofisi ile haikunibakisha, nilieleza. Walinishukuru. Hawajanipigia.

Siku ile ya Jumamosi meneja alinishusha Michenzani, chini ya jengo letu. Nilipanda ghorofa zote nne. Mama alikuwa kakaa mlangoni na kofia mapajani, akanyanyua macho, akaona magoti yangu yana mchanga.

"Ulikuwa wapi? Nimekupigia simu mara ngapi!"

"Sikubakishwa, mama," nikamwambia, hata viatu sijavua.

Aliitia sindano kwenye kitambaa ili isipotee. "Kwa nini?"

Nikakaa kwenye ngazi, chini yake, nikaanza na ile asubuhi. Nilipofika kwenye karatasi kumi na moja nilisita, jirani mmoja akapita na ndoo ya maji tukampisha, kisha nikaendelea.